Friji la Dar, jiko la Njombe



Ukimwambia mtu wa Dar kwamba ndani ya Tanzania hii hii kuna friji linashindwa kugandisha kwa sababu ya baridi, atakucheka mpaka apaliwe. Nimejaribu. Nilimsimulia rafiki yangu mmoja wa Kinondoni, akanijibu: "Sasa si ndio raha? Friji limekuta baridi ya bure, kazi yake imepungua!"

Wengi tunafikiri hivyo. Wauzaji wa friji wanafikiri hivyo, na mafundi wengi pia. Na kwa sababu ya fikra hiyo shangazi yangu anayeishi Njombe alitupa katoni tatu za vibua, akamlipa fundi mara tatu kwa kazi ambayo haikuhitajika, na nusura apoteze jina lake kwenye kikoba.

Kwa hiyo leo tuongee friji. Najua mada hii haina utamu wa siasa wala wa Simba na Yanga, ila nivumilieni. Kuna hela za watu humu ndani.

Kwanza tuwekane sawa kwenye ramani, maana kuna wasomaji ambao kusini kwao kunaishia Mbagala. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Mbeya na Tunduma inapita pale, na pale pale ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi 1976, nayo ina stesheni pale. Ukitaka kitu cha Dar kifike Njombe, iwe godoro, televisheni au katoni ya vibua, mara nyingi kitashukia Makambako kwanza. Kisha kinapandishwa kilometa kama 60 hivi, na nasema "kinapandishwa" kwa maana halisi ya neno. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe mjini inakaribia mita 2,000.

Mita 2,000 si mchezo. Kule maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi kama 93, si 100 kama pale Feri, ndiyo maana maharage ya Njombe yanakula kuni nyingi kuliko ya Dar. Na TMA wakitangaza mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti, nyanda za juu kusini hazikosi kutajwa. Usiku kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10, na kuna asubuhi unaamka unakuta sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe, imelala juu ya majani kama mtu kamwaga unga. Njombe ilipokuwa bado ndani ya mkoa wa Iringa baridi ilikuwa hiyo, na ilipopewa mkoa wake mwaka 2012 baridi ikabaki hiyo hiyo.

Sasa shangazi.

Shangazi yangu anakaanga samaki. Jioni anatoa meza yake nje, karai, jiko la mkaa, na kuanzia saa kumi na moja watu wanaanza kusogea, kwa samaki na kwa joto la moto pia. Bidhaa yake ni vibua vya katoni, vile vinavyokuja vimegandishwa. Zamani alikuwa akinunua kidogo kidogo kwa mtu mwenye friza, kwa bei ya mwenye friza. Akapiga hesabu kwamba akiwa na friji lake atachukua katoni nzima Makambako kwa bei ya jumla, na faida itabaki mkononi mwake. Hesabu haikuwa na kosa hata kidogo. Akakopa kwenye kikoba, akaongeza akiba yake, akanunua friji jipya la milango miwili, friza juu na friji chini, kwenye dula moja la vyombo vya umeme. Ilikuwa mwezi wa 12.

Desemba, Januari, Februari, mambo safi. Marejesho yanakwenda, vibua vigumu kama mawe. Machi, Aprili, bado. Mwishoni mwa Mei akaanza kuona vibua vya juu vimelainika. Juni ilipokolea, akifungua friza asubuhi anakuta maji ya damu yametuama chini. Huku kwenye friji la chini kila kitu kiko sawa kabisa! Maziwa baridi, mboga baridi, taa inawaka.

Fundi akaja. Akagusa, akasikiliza, akatikisa kichwa: "Gesi imeisha mama." Akajaza. Ikatokea siku mbili tatu za jua, friza likagandisha, fundi akaonekana bingwa. Baridi iliporudi, tatizo likarudi. Fundi akajaza tena. Mara ya tatu akasema kompresa imechoka, labda lilikuwa friji bovu tangu dukani. Dukani wakasema mbona limefanya kazi miezi sita. Jirani akasema umeme mdogo. Jirani mwingine akasema mengine kabisa, ambayo siyaandiki hapa.

Kibaya zaidi kilikuwa kikoba. Wenzake walianza kuulizana: friji kapewa hela kanunua, katoni tunaona zinaingia, sasa mbona marejesho yanasuasua? Na pale mezani kwake mtaani maneno yakaanza kupita kwamba vibua vya mama fulani siku hizi sio vya kuaminika. Mtu anayeuza chakula anaishi kwa jina. Jina likioza, halina friza la kuligandishia.

Hapa nimsifu shangazi kwa kitu kimoja. Alivitupa. Hakuvikaanga akaweka pilipili nyingi. Na alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Samaki wa jamii ya vibua na jodari wakipata joto kwa muda, bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini. Hiyo haiondoki kwa kukaanga, na haiondoki kwa kugandisha upya. Anayekula anaweza kuwashwa mwili, uso ukawa mwekundu, kichwa kikapasuka, tumbo likavuruga. Kwa hiyo mnaosema "si unakaanga tu vizuri", hapana jamani.

Nilifika Njombe mwezi wa saba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na koti au umekuja na hizo fulana zenu?"

Nilikuja na koti, na nilikuja na kipimajoto cha ukutani, kile cha bei ya soda tatu nne. Mimi si fundi friji. Ni mwandishi, kazi yangu ni kuuliza na kuandika namba kwenye daftari. Kama nyumba nyingi za kule, ya shangazi ina majiko mawili: la kuni uani, ambako ndiko kunakopikwa hasa, na jiko la ndani lenye mtungi wa gesi wa kuchemshia chai. Friji lilikuwa kwenye hilo la ndani. Sakafu ya saruji, bati juu bila dari, dirisha upande usiopata jua, na moto wenyewe hauwaki zaidi ya dakika kumi kwa siku. Kwa kifupi ndicho chumba cha baridi kuliko vyote ndani ya nyumba.

Saa kumi na mbili asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 9. Saa nane mchana kilifika 16. Usiku kikarudi chini.

Sasa twende kwenye kiini. Nitaeleza kwa hesabu ya darasa la saba, na mwenye kalamu afuatane nami.

Friji haliumbi baridi. Linachota joto lililomo ndani na kulitupa nje, kwa nyuma. Joto la nje nalo linapenya kurudi ndani kupitia kuta, na jinsi tofauti kati ya nje na ndani inavyokuwa kubwa ndivyo linavyopenya kwa wingi. Chumba cha chini tunataka kiwe kwenye nyuzi 4. Friza tunataka liwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Chukua jiko la Dar lenye nyuzi 30. Tofauti na chumba cha chini ni 26, tofauti na friza ni 48. Vyumba vyote viwili vinapigwa na joto kweli kweli, na mota inafanya kazi mara kwa mara.

Chukua jiko la shangazi alfajiri, tuseme nyuzi 10. Tofauti na chumba cha chini ni 6 tu. Yaani mzigo wa chumba cha chini umeshuka chini ya robo ya ule wa Dar. Lakini tofauti na friza ni 28, ambayo ni zaidi ya nusu ya ile ya Dar. Friza bado lina njaa!

Na hapa ndipo kichekesho kilipo. Friji nyingi za kawaida za milango miwili zina mota moja na themostati moja, na hiyo themostati inanusa chumba cha chini peke yake. Chumba cha chini kikiwa na baridi ya kutosha, themostati inaiambia mota, "pumzika." Kwenye jiko la Njombe chumba cha chini kinabaki na baridi kwa saa nyingi bila msaada wa mtu, kwa sababu jiko lenyewe ni kama friji. Basi mota inalala. Friza huko juu linapiga kelele, na themostati haina sikio la kulisikia. Jiko likishuka mpaka nyuzi 4, mota inaweza isiwake kabisa.

Kwa hiyo friji la shangazi halikuwa bovu. Lilikuwa linafanya kazi yake sawasawa na lilivyoagizwa. Ila lilikuwa linasikiliza chumba kisicho na shida.

Na kule Desemba? Jiko lilikuwa na joto kidogo zaidi, mota ikawa inaamka mara nyingi, friza likapata haki yake. Na zile siku za jua baada ya fundi kujaza gesi? Sifa zote apewe jua.

Nilipomweleza hivyo shangazi alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kumbe friji nalo linasikia baridi?" Nikamwambia ndiyo, linasikia. Akasema, "Sasa mbona dukani hawakuniambia?"

Hilo swali lilinikaa. Nikashuka Makambako kuliuliza.

Kabla ya duka, kitu kimoja cha kujua. Kila friji la maana lina bamba dogo au stika, ndani ubavuni au kwa nyuma, yenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Humo kuna herufi zinazoonyesha daraja la hali ya hewa ambayo friji limetengenezewa. Ziko nne. N ni kwa chumba cha nyuzi 16 mpaka 32. ST ni 16 mpaka 38. T ni 16 mpaka 43. Na SN ni 10 mpaka 32. Umeona? Tatu kati ya nne zinaanzia 16. Ni SN peke yake inayoshuka mpaka 10. Mengine yanaandikwa SN-T, maana yake linabeba kuanzia 10 mpaka 43, Njombe na Dar kwa pamoja.

Friji la shangazi liliandikwa T. Friji zuri, la Tanga, la Lindi, la Unguja. Mchana wa saa nane, saa ya joto kuliko zote, jiko la shangazi ndiyo kwanza lilikuwa linagusa nyuzi 16. Saa nyingine zote lilikuwa nje ya mkataba.

Makambako nilizunguka maduka kadhaa, nikiwa mteja wa kawaida. Swali langu lilikuwa moja: "Hili ni la daraja gani la hali ya hewa?" Majibu yalikuwa burudani. Mmoja: "Hili ni la daraja la kwanza bosi." Mwingine: "Linagandisha mpaka unashangaa." Mwingine akanionyesha ukubwa kwa lita. Mwingine akasema hili ni inveta, halina shida popote. Wote walikuwa wakarimu, hakuna aliyenidanganya kwa makusudi. Wao wenyewe hawajawahi kuambiwa. Nikainama na tochi ya simu nikawa nasoma stika: T, T, ST, T... Mojawapo nililiona limeandikwa SN-T, na muuzaji wake hakujua kwamba hilo ndilo lingemfaa mteja wa Njombe kuliko yote aliyonayo. Lilikuwa kwenye kona limewekewa boksi za pasi juu.

Hebu fikiria. Mji wenye upepo ule, kwenye barabara ya kwenda Njombe, na wateja wanaopanda kurudi huko huko baridini, na dukani hakuna anayeuliza "jikoni kwako kuna baridi kiasi gani?"

Wala msidhani ni ugonjwa wa Njombe peke yake. Uingereza watu wengi huweka friji la pili gereji, na kila kipupwe wanakutana na jambo hili hili: friji sawa, friza limeyeyuka. Wenzetu wa Limuru na Kinangop kule Kenya, wa Makete, wa Lushoto, mkafungue mafriza yenu mwezi wa saba mtazame. Hata wenye kazi ya chanjo walishaliona: majokofu ya chanjo yanayopitishwa na Shirika la Afya Duniani huelezwa kiwango cha chini cha joto la chumba ambacho yanaweza kufanyia kazi, si cha juu tu. Kwa hiyo ujuzi upo. Haujashuka tu mpaka kwenye duka la Makambako.

Haya, sasa mtu wa baridi achague vipi? Niseme nilichojifunza.

Anza na kipimajoto, sio na duka. Kitundike pale unapotaka kuweka friji, ukisome alfajiri na usiku kwa siku chache za kipupwe. Kama hakishuki chini ya 16, nunua friji lolote zuri, nenda kwa amani. Kama kinacheza kati ya 10 na 16, tafuta SN au SN-T. Kama kinashuka chini ya 10, hata hilo la SN usiliweke hapo, hamisha chumba.

Na kuhamisha chumba ni dawa ya bure. Siku zote tunawacheka watu wanaoweka friji sebuleni na kulivalisha kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Njombe wanaofanya hivyo wako sahihi kisayansi! Sebuleni kuna watu, kuna pazia, mara nyingi kuna dari. Sebule ya shangazi alfajiri ilisoma 14 wakati jiko linasoma 9. Nyuzi tano hizo ni nyingi kwa friji. Ila usilete jiko la mkaa ndani usiku ili kuwapa joto friji na watu. Moshi ule usioonekana unaua, na kila msimu wa baridi unaua watu waliofunga madirisha.

Kama shida yako ni kugandisha, kama shangazi, usinunue la milango miwili kabisa. Nunua friza la kulala, lile la kufunguka kwa juu. Themostati yake inanusa friza lenyewe, kwa hiyo friza likihitaji baridi mota inaamka, jiko liwe na nyuzi ngapi. Bado soma kitabu chake uone kiwango cha chini cha joto, lakini halina ule ugomvi wa vyumba viwili. Na kama unataka vyote kwenye kabati moja, uliza lenye themostati mbili, au lenye swichi ya msimu wa baridi, ambayo inapasha kidogo chumba cha chini ili mota idanganyike na kuamka.

Neno "inveta" lisikuteke. Inveta inaifanya mota ibadilishe kasi badala ya kuwaka na kuzima, na inasaidia LUKU. Lakini kama pua bado ni moja na iko chumba cha chini, inveta itapumzika kwa ufanisi mkubwa huku vibua vinayeyuka.

Tazama pia nyota kwenye mlango wa friza. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Nne ndizo zinazogandisha chakula kibichi ipasavyo. Kijumba cha barafu chenye nyota moja si cha biashara ya samaki.

Usafiri nao. Friji likipandishwa kutoka Makambako lisimamishwe wima. Likilazimika kulazwa, likifika liache limesimama kwa saa kadhaa kabla ya kuwasha, oili irudi kwenye kompresa. Kwenye baridi oili ni nzito, haina haraka.

Na hili la gesi nalikazia. Gesi ya friji haiishi kama ya mtungi wa kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua maana yake kuna tundu, na fundi wa kweli anatafuta tundu kwanza. Anayejaza bila kutafuta anauza pumzi, na akizidisha anaiumiza kompresa. Tena friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Fundi akija na kichomeleo, msome naye kwanza stika ya nyuma.

Jaribio la bure kabla ya kumwita: hamishia friji kwenye chumba chenye joto kwa siku moja na usiku wake. Friza likirudi kugandisha, friji lako ni zima. Mgonjwa ni chumba.

Ndivyo tulivyofanya kwa shangazi. Vijana wawili wa jirani walilibeba mpaka sebuleni, tukaliweka mbali na ukuta kidogo. Kesho yake jioni barafu ilikuwa imeshika. Sio kama mawe ya Desemba, maana 14 bado iko chini ya 16 aliyoandika mtengenezaji, lakini imeshika. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Kwa biashara aliona haitoshi, akaungana na mwenzake wa kikoba anayeuza kuku, wakanunua friza moja la kulala, nusu kwa nusu. Katikati wameweka ubao: upande wa kuku, upande wa vibua. Katoni zimerudi kuingia nzima nzima. Mara ya mwisho kuongea naye alikuwa amebakiza marejesho mawili, na wale waliokuwa wananong'ona ndio wanaomuuliza stika inasomwaje.

Habari njema ipo pia. Baridi ile ile ikitumiwa vizuri inalipa. Hesabu ya juu inasema wazi kwamba friza kwenye chumba cha baridi lina mzigo mdogo kuliko la Dar, kwa hiyo linakula uniti chache. Kwa mtu wa kundi la D1, anayepigana asivuke uniti 75 kwa mwezi, hiyo si hela ndogo. Na umeme ukikatika vibua vya Njombe vinavumilia saa nyingi kuliko vya Temeke.

Kilichoniuma ni kwamba kwa miezi miwili mwanamke makini aliambiwa na kila mtu kwamba tatizo ni gesi, ni kompresa, ni umeme, ni yeye mwenyewe, na jibu lilikuwa limebandikwa ubavuni mwa friji lake siku zote, herufi moja tu. Hakuna aliyeisoma kwa sababu sote tumezoea kudhani Tanzania ni joto. Vitu vinaagizwa kwa hali ya hewa ya Dar, vinauzwa kwa maneno ya Dar, vinatengenezwa kwa mazoea ya Dar, halafu vikigoma mikoani tunasema watu wa mikoani hawajui kutumia vitu.

Wanajua sana. Wapewe tu cha kwao.

Mlioko Makete, Mafinga, Uyole, Lushoto, Karatu, leo mkitoka kazini chukueni tochi msome stika ya friji lenu. Na ukienda dukani uliza lile swali, uliza kwa sauti, tena uliza maduka yote. Muuzaji akiulizwa mara ishirini, ya ishirini na moja atakuwa amelitafutia jibu.

Alamsiki.